Zeze la babu: niweke nyuzi za gitaa au?

Mjukuu_Njiro
Habari zenu wadau. Mama ametoka Dodoma kaniletea zeze la marehemu babu, la nyuzi mbili ila zote zimekatika, kibuyu kizima hakina ufa, ngozi ipo japo imelegea. Nipo Arusha hapa na fundi gitaa mmoja kaniambia ananifungia nyuzi za chuma leo leo ila roho inasita. Nataka lipigwe jamani, sitaki liwe pambo la sebuleni. Nifanyeje?

kigingi
Mkuu usikubali chuma haraka hivyo. Gitaa la nyuzi za chuma zile sita zikishakazwa zinavuta kwa nguvu ya kilo kama 70 kwa pamoja, yaani uzi mmoja zaidi ya kilo 10, na gitaa limetengenezwa libebe hiyo kazi, uso wake ni mbao. Zeze kidaraja (kile kijiti kinachoinua nyuzi) kimekaa juu ya ngozi, tena ngozi yenyewe ya zamani, ukikaza sana inabonyea, ikichanika ndo basi tena. Chukua mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene. Halafu hiyo kulegea usiogope, mvua na baridi ya Arusha ngozi lazima inywe unyevu, ianike juani kidogo kama wanavyofanya wapiga ngoma uone itakavyorudi.

Mangi_Kibosho
Naunga mkono mshipi. Kora, ala ya kibuyu na ngozi ya Wamandinka kule Mali, Senegali na Gambia, ina nyuzi 21, zamani zilikuwa za ngozi ya swala, siku hizi ni mshipi huo huo wa samaki na hakuna anayesema kora imekufa. Msikilizeni mpiga kora Toumani Diabaté (amefariki 2024), mtu mmoja anapiga besi, anapiga wimbo na kupamba juu yake kwa vidole vinne tu, mimi nikimsikiliza naacha kila kitu. Moshi mshipi unapatikana kirahisi maana Nyumba ya Mungu si mbali na wavuvi wananunua.

dada_Sakina
Ila kaka zangu mbona valiha, ala ya nyuzi ya Madagaska, wanafunga waya wa breki ya baiskeli, wanaufumua nyuzi moja moja, na inalia vizuri tu? Mshipi kwa zeze sauti haitakuwa ndogo?

kigingi
Dada swali zuri, ila valiha ni bomba la mwanzi, haina ngozi, nyuzi zinalala kwa urefu wa mwanzi wenyewe, ndo maana inahimili. Sauti ya zeze inategemea upinde pia, mshipi unateleza, kwa hiyo tafuta utomvu wa paina uliokauka ukagumu, paka kwenye upinde mara kwa mara. Bila huo utomvu hata uweke uzi wa dhahabu halilii.

Chalii_wa_Dom
Naongeza jambo ambalo watu wanalisahau: USITYUNI KWA APP YA GITAA. Muziki wa Wagogo unafuata sauti za asili za uzi wenyewe, ukigusa uzi kwa ulaini katikati, kisha kwenye theluthi, kisha robo, unasikia zile sauti za juu, hizo ndo ngazi yetu. Ile sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni (nusu toni ni hatua ya kitufe kimoja hadi cha jirani), app itakuambia umekosea na hujakosea. Marehemu Hukwe Zawose (1938-2003), yule mwanamuziki wa Kigogo aliyefundisha chuo cha sanaa Bagamoyo, sikiliza zeze lake na namna anavyoimba juu ya zeze hilo, utaelewa ninachosema. Mama yako kama anakumbuka nyimbo za babu mwambie aimbe, wewe fuata sauti yake ndo ukaze vigingi.

Mjukuu_Njiro
Aisee asanteni sana, nimemwambia fundi asubiri. Mama anazikumbuka, jana tu alikuwa anaimba moja jikoni. Huo utomvu wa paina naupata kwenye msitu wa Usa River au kuna mtu anauza mjini?

dada_Sakina
Uliza kwa wanaopasua mbao, magogo mabichi ya paina yanautoa wenyewe. Uchemshe kwa moto mdogo, nje ya nyumba maana unashika moto haraka.