Tupeane uzoefu: taa ya mafuta na mshale vilipokudanganya barabarani

Mwana Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Jana nimemkuta jirani yangu karibu na Nanenane anasukuma IST yake peke yake, mlango wa dereva wazi, mkono mmoja kwenye usukani, jasho linamchuruzika. Nikashuka kumsaidia. Kuchungulia dashibodi, mshale wa mafuta uko juu ya robo na taa haijawaka. Tulipomimina lita mbili tu, gari likawaka. Yaani tenki lilikuwa kavu kabisa na gari linamwambia mafuta yapo.

Tangu jana nawaza ni wangapi wameachwa njiani kwa namna hiyo. Ile taa tumeifanya kauli ya mwisho, kumbe nayo ni kifaa kama vifaa vingine, kinachakaa na kinaweza kusema uongo. Tupeane uzoefu: taa iliyowaka tenki likiwa limejaa, taa iliyogoma kuwaka, mshale ulioganda. Ilikuwaje, kikakutwa nini, ukatengenezaje? Gari la aina yoyote.

Kipanga wa Ilula
Yangu inawaka nikipandisha Kitonga, nikifika juu inazima. Mlimani mafuta yanakimbilia upande mmoja wa tenki, boya linaloelea humo linashuka. Ikizima tambarare huo si ugonjwa, ila ujue mafuta yameshapungua, utafute sheli.

Wa Athi River
Hamjambo watu wa Bongo. Vitz yangu iliwasha hiyo taa ikakataa kuzima hata nikijaza mpaka pampu ya sheli inakata yenyewe. Nikawa nahesabu kilomita tu. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road akainua kiti cha nyuma, akafungua kile kifuniko kidogo cha bati, akachomoa soketi. Pini zilikuwa na kutu ya kijani. Akasugua kwa brashi, akapuliza dawa, akarudisha. Taa ikazima papo hapo. Wengine walikuwa washaniambia ninunue pampu nzima!

Mama Wawili
Hili jambo silipendi hata kulikumbuka, lakini kwa kuwa umeuliza ngoja niseme. Nyie mnaosukuma mjini mshukuruni Mungu. Sisi lilitukuta ndani ya hifadhi ya Mikumi.

Tulikuwa tunakwenda msibani Iringa, mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wawili. Gari ni Noah. Kabla ya safari pampu ya mafuta ilikuwa imekufa, fundi akatuwekea ya mtumba, pamoja na geji yake, kile kipimo cha mafuta cha ndani ya tenki, vilevile ilivyotolewa kwenye gari lingine. Gari likatembea vizuri, tukashukuru. Morogoro mjini mume wangu akatazama mshale, uko nusu, akasema tutajaza Mikumi mjini tukishavuka mbuga. Nani angebisha? Nusu tenki inakuvusha pale na chenji inabaki.

Tumepita Doma, tumeingia hifadhini, jua linaelekea kuzama. Tunakwenda hamsini yetu kama vibao vinavyotaka. Ghafla gari likaanza kukohoa. Likashtuka, likavuta, likashtuka tena, likazima. Mshale uko palepale karibu na nusu, taa ya mafuta kimya. Mume wangu akapiga stata, inazunguka, haishiki. Akashika kitasa ashuke. Mama mkwe akamdaka shati kwa nyuma: "Baba, hushuki." Akanigeukia mimi: "Funga vioo, mwanangu."

Kushoto kwetu, hatua chache tu, tembo walikuwa wanatoka kwenye nyasi kuja barabarani. Jike kubwa mbele, wadogo nyuma yake. Alifika ukingoni mwa lami akasimama, akatugeukia, masikio akayafungua yote mawili. Nilikuwa naliona tope lililokauka kwenye mikunjo ya mguu wake, na majimaji yanayomtiririka kati ya jicho na sikio. Mtoto wangu mdogo akaanza kulia, nikamfunika na kanga. Ndani ya gari husikii kitu isipokuwa taa za hazadi, tik, tik, tik. Mume wangu akaona zitamkera yule mnyama, akazizima. Hapo tukaanza kuogopa kugongwa kwa nyuma, maana giza lilishaanza kuingia.

Lori ndilo lililotuokoa. Dereva alituona kwa mbali, akapunguza, akaja kusimama nyuma yetu na taa zake. Hakupiga honi. Hakutupita. Tembo wakavuka kwa muda wao. Walipopotelea upande wa pili akasogea ubavuni kwetu, akauliza kwa dirishani tumekwama na nini. Mume wangu akamwambia hajui, mafuta yapo. Yule kaka akasema, "Hebu piga stata nisikie." Akapiga. "Hilo limekauka, usiuangalie huo mshale." Yeye ni wa dizeli, hakuwa na cha kutumiminia. Utingo akaruka chini, akatufunga mnyororo upesi, wakatuvuta polepole mpaka tukatoka hifadhini. Bodaboda akatuletea mafuta, stata ya kwanza gari likashika.

Iringa fundi mwingine alipoitoa ile geji akatuonyesha: mkono wa boya haukuwa wa Noah. Ulikuwa umegota ukutani mwa tenki, haushuki chini ya nusu hata mafuta yaishe yote. Na kwenye hilo gari letu taa inasubiri boya lishuke ndipo iwake. Ingewaka saa ngapi?

Mzee wa Chalinze
Nimesoma nimeshika roho. Huyo mama mkwe atunzwe.

Kokoto
Huyo dereva wa lori alikosea. Alitakiwa kupita taratibu akawaite askari wa hifadhi getini. Kusimama na lori nyuma ya tembo wenye watoto ni kuwachokoza.

Binti wa Kalenga
Kokoto, ungempita mama na watoto gizani, na gari lao halina taa? Watu wa lori wanaijua ile barabara kuliko mimi na wewe.

Kokoto
Nasema utaratibu. Kila mtu akisimama pale itakuwaje?

Mama Wawili
Ndugu yangu Kokoto, utaratibu nauheshimu. Lakini mimi nilikuwa ndani ya lile gari. Angetupita, gari la nyuma yake lingetupanda. Namwombea heri mpaka leo.

Tsavo Njia Kuu
Sisi wa Mtito Andei kwenda Voi, tunaopita mbuga ya Tsavo, tumekuelewa dada. Pole sana.

Fundi wa Gerezani
Dada pole sana. Wacha nieleze, maana kisa chako ndicho ninachokiona gereji kila mara.

Ndani ya tenki kuna boya kwenye mkono wa waya. Mkono ukipanda na kushuka, kijiulimi cha bati kinateleza juu ya kibao chenye njia za umeme, ukinzani unabadilika, na mshale unafuata. Kibao kikichakaa mahali fulani, mshale unaruka au unaganda hapohapo. Boya likitoboka likaingiza mafuta, linazama, na utaona tupu wakati umejaza. Mkono ukipinda au ukiwa wa gari lingine, yanakukuta ya Mikumi.

Magari mengi ya zamani yana kidude cha pili, cha peke yake, kwa ajili ya taa. Kikiwa kimezama kwenye mafuta kinapoa, taa haiwaki. Mafuta yakishuka kikabaki hewani kinapata joto, kinapitisha umeme, taa inawaka. Kwenye gari la namna hiyo mshale unaweza kufa na taa ikaendelea kusema kweli. Lakini haya ya karibuni, taa na mshale vinasoma boya lilelile. Kimoja kikidanganya, vyote vimedanganya. Ndiyo maana kwa dada taa haikuwaka.

Kupima ni kazi ndogo. Chomoa soketi ya geji, washa swichi, tazama mshale kama unahama. Ukihama, dashibodi ni nzima, mgonjwa yuko kwenye tenki. Usipohama, fuata nyaya, arthi na mita yenyewe. Na ukinunua pampu ya mtumba, mwambie fundi ahamishie geji yako ya zamani kama bado nzima, au alinganishe mikono miwili mezani kabla ya kufunga. Ni dakika chache tu. Mafundi wenzangu tunaoruka hatua hiyo tunawaweka watu hatarini, lazima lisemwe.

Forester ya Arusha
Fundi umesahau Subaru. Tenki lake limekalia shafti ya nyuma, limegawanyika mabonde mawili, kila bonde na boya lake. Pampu iko upande mmoja tu, na kuna kinyonyaji kidogo cha kuhamisha mafuta kutoka ng'ambo. Hicho kikiziba, upande wa pampu unakauka huku ng'ambo kumejaa. Langu lilizima Makuyuni mshale ukiwa robo, na mafuta kweli yalikuwemo! Mafundi watatu wakabishana, wa nne akasikiliza kila upande kwa kugonga tenki, akajua.

Fundi wa Gerezani
Kweli kabisa mkuu, na si Subaru peke yake. Gari nyingi zinazovuta kwa magurudumu manne zina tenki la hivyo.

Kokoto
Mnazunguka sana. Dawa ni kidumu cha lita tano kwenye buti, umemaliza.

Mwana Kihonda
Kokoto, hapana. Mimi ni mtu wa Morogoro. Agosti 10, 2019 hapa Msamvu lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, zaidi ya watu 100 wakafariki. Tumezika majirani. Petroli inayotisha ni ule mvuke wake, na kidumu kwenye buti lenye jua siku nzima, watoto wamekaa kiti cha mbele yake, mimi siwezi kukubali.

Kokoto
Nimekuelewa mkuu. Nilikuwa nafikiria njia ndefu zisizo na sheli.

Kipanga wa Ilula
Njia ndefu jaza tenki mjini, basi. Mambo ya vidumu waachie wa mashine za kusaga.

Wa Nyakabiga
Nawasalimu kutoka Bujumbura. Ninyi mnasema jaza mjini. Mwaka 2024 huku sheli zilikauka, tulikuwa tunapanga foleni siku nyingi, wengine wakivuka kwenda Uvira kutafuta lita chache. Taa ya mafuta ilikuwa imewaka kila gari. Tulijifunza kulisikia gari kwa mguu: gari likianza kulegea kwenye mlima kidogo, zima, paki, panda baiskeli. Na pampu nyingi zilikufa kipindi hicho.

Mzee wa Chalinze
Zilikufa kwa sababu ya uchafu wa chini ya tenki. Ukiachia mafuta yafike chini, pampu inaramba matope.

Fundi wa Gerezani
Mzee wangu, shikamoo. Pampu inanyonya kutoka chini siku zote, tenki liwe limejaa au nusu. Kinachoiua ni joto. Pampu iliyo ndani ya tenki inapozwa na mafuta hayohayo. Ukizoea kutembelea taa, inafanya kazi nje ya mafuta, inaungua. Na gari likikata mafuta kwa kukohoakohoa, petroli isiyoungua inashukia kwenye masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, na kuyaharibu. Bei ya masega mnaijua.

Mzee wa Chalinze
Marahaba. Hata hivyo tenki langu lilikutwa na matope, niliona kwa macho yangu.

Fundi wa Gerezani
Hayo yaliingia na mafuta mzee, na chujio ndilo lililoyazuia. Lisafishwe tenki, si kubishana na taa.

Dizeli Tupu
Msitusahau sisi wa dizeli. Likikata, hata ukijaza haliwaki mpaka utoe upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta. Pampu ya mkono juu ya chujio, minya mpaka iwe ngumu ndipo upige stata.

Mkwawa Jr
Mimi kila nikijaza narudisha tripu, kile kihesabu cha kilomita za safari, kwenye sifuri. Nikifika kilomita mia tatu naingia sheli, mshale useme unavyotaka.

Wa Athi River
Na mimi hivyo hivyo. Ndio njia niliyobaki nayo hata baada ya kutengeneza.

Binti Passo
Jamani na mimi nisaidieni. Passo yangu taa inawaka nikipita matuta, halafu inazima, halafu mshale unaruka kutoka nusu hadi chini na kurudi. Mafuta yapo, nimeweka jana. Nimeambiwa nibadilishe dashibodi.

Fundi wa Gerezani
Usinunue dashibodi dada. Tenki likijaa kabisa mshale unaruka pia, au ni hapo nusu tu?

Binti Passo
Hapo nusu tu. Tenki likijaa umetulia.

Fundi wa Gerezani
Basi kibao cha geji kimechakaa katikati, au soketi imelegea. Anza na soketi, haina gharama. Ukienda kwa fundi usiende na tenki limejaa, akalifungue sehemu yenye hewa, achomoe betri kwanza, na asiwepo anayevuta sigara hapo. Akitoa geji mwambie akuonyeshe kile kibao kabla hujalipa chochote.