Naombeni ushauri: nataka ofisi iwalipie wafanyakazi wakili wa wosia, wenzangu wanasema nawachuria

Utumishi_Arusha
Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie, hasa wanasheria na waliowahi kufiwa na mtu aliyeacha mali bila maandishi.

Mimi ni afisa utumishi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha. Tuna madereva, waongoza watalii, wapishi wa mlimani na watu wa ofisini. Bosi ametenga fungu la ustawi wa wafanyakazi, akaniambia nipeleke pendekezo moja tu. Wengi wanataka bonanza na fulana. Mimi nataka tulete wakili awasaidie watu kuandika wosia, kampuni ilipe.

Sababu ninayo. Mwaka jana tulimzika dereva wetu. Michango ilitoka, jeneza, basi la kwenda Rombo, hakuna kilichopungua. Wiki chache baadaye mjane akaja ofisini kuuliza kama marehemu aliacha karatasi yoyote. Tukafungua droo yake, tukakuta mkataba wa mauziano wa kiwanja cha Ngaramtoni umekunjwa katikati ya daftari la mafuta. Mke hakujua kabisa kama kuna kiwanja. Kadi ya gari lao dogo tayari ilikuwa kwa shemeji, anadai gari ni la ukoo. Mirathi haijaisha mpaka leo, na watoto wako shule.

Nilipogusia jambo hili kikaoni, fundi mmoja mtu mzima akaniambia, "Binti yangu, unatuchuria." Wengine wanaogopa ofisi itajua mali zao. Mmoja alinifuata pembeni, ana mtoto nje ya ndoa na mkewe hajui. Nianzie wapi? Wosia ukishaandikwa akae nao nani? Na hawa watu wana dini na makabila tofauti, wakili mmoja atawatosha?

Wakili_Sakina
Dada, pendekezo lako ni zuri kuliko fulana. Ila shika hili mapema: kampuni ilipe wakili na itoe muda, basi. Isiandike, isisome, isitunze. Siku wafanyakazi wakisikia wosia wao uko kwenye kabati la ofisi, hutampata hata mmoja. Mtu aonane na wakili peke yake, mlango umefungwa, na bili ije kwenu bila majina. Huyo mwenye mtoto nje ya ndoa ndiye anayehitaji huduma hii kuliko wote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mtoto asinyimwe mali ya mzazi wake, lakini baba akikaa kimya hadi anaingia kaburini, mtoto ndiye atakayehangaika kuthibitisha.

Pili, usipange siku moja ya kantini watu waandike na kusaini hapo hapo. Kwa sheria za kimila zilizotangazwa 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Na anayerithi asiwe shahidi. Mfanyakazi mwenzake anaweza kuwa mtu baki, lakini wa ukoo yuko Rombo au Mbulu. Kwa hiyo siku ya kwanza iwe ya elimu na maswali, ya pili ya mtu na wakili wake, halafu kusaini kuje baadaye, shahidi wa ukoo akipatikana.

Kutunza: RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika na kuhifadhi wosia. Wengine huacha kwa wakili, benki au kanisani. Muhimu ni mtu mmoja anayeaminika ajue uko wapi. Na uwaambie kabisa kwamba wosia hubadilishwa wakati wowote mwenyewe akiwa hai na akili timamu. Wengi wanadhani wakisaini wamejifunga.

Abu_Salma
Assalaam alaykum. Kwa Waislamu wakili mmoja hatoshi, mwite na shehe anayeijua mirathi. Warithi wana mafungu yao tayari, huwezi kuyagawa upya kwa wosia. Unachoweza kuusia ni kisichozidi theluthi moja, na kiende kwa asiye mrithi. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa harithi kwa baba kwa sheria yetu, lakini baba anaweza kumuusia ndani ya hiyo theluthi. Na huyo mzee anayesema mnamchuria, shehe ndiye atakayemweleza vizuri: kwetu kuusia ni jambo lililohimizwa.

Mangi_Kibosho
Kwetu Uchagani kuna suala la kihamba, yaani shamba la ukoo linalorithishwa. Mtu anaandika "shamba la Kibosho nampa mke wangu", kumbe shamba ni la babu, na kwa mila nyumba ya wazazi inabaki kwa kitinda mimba. Hapo ndipo panga hutoka. Wakili awatenganishie mapema kipi ni cha ukoo na kipi umenunua kwa jasho lako.

Na kama kuna mtoto unamnyima, andika sababu. Wosia wa Mzee Reginald Mengi, mfanyabiashara mkubwa wa Machame aliyefariki 2019, Mahakama Kuu iliukataa 2021. Sembuse wa kwetu wa kuandikia mezani.

Simba_wa_Njiro
Sikatai, lakini kijana wa miaka 27 aliyepanga chumba kimoja Sanawari anausia nini? Hela hiyo mngeiongeza kwenye bima ya afya.

Utumishi_Arusha
Mkuu, bima tunayo. Na huyo wa miaka 27 ana pikipiki, ana hisa kwenye SACCOS, ana mtoto. Akifa leo mama mtoto hana ndoa wala karatasi. Huyo ndiye ananinyima usingizi kuliko mwenye ghorofa.

Mama_Majengo
Mdogo wangu, mimi ni mjane, niko Moshi, kwa hiyo nakuambia nilichopitia. Hata kabla ya wosia, kila mtu aandike orodha ya alichonacho na nyaraka ziko wapi: hati au mkataba wa kiwanja, kadi ya gari, akaunti, namba ya NSSF, anaowadai na wanaomdai. Mimi nilizunguka benki tatu nikiuliza kama mume wangu alikuwa mteja wao. Kila mahali naambiwa nilete barua ya usimamizi wa mirathi, na mahakamani nako naulizwa mali ni zipi.

Waambie pia wenye ndoa waangalie jina kwenye hati. Sisi nyumba ilikuwa na majina yetu wote kwa umiliki wa pamoja, kwa hiyo hiyo haikuguswa na mtu. Vitu vilivyokuwa kwa jina lake peke yake ndivyo vilivyotutoa machozi. Kwa walioko Moshi wasio na hela ya wakili, KWIECO, shirika la kutetea haki za wanawake, wamesaidia wengi.

Wakili_Sakina
Naongezea kwa Mama. Mafao ya urithi ya NSSF huenda kwa wategemezi wanaotajwa na sheria ya mfuko. Wosia hauyahamishi, na yule "mtu wa karibu" uliyemjaza kwenye fomu ya ajira si mrithi kwa sababu hiyo tu. Watu wengi hukosana hapo. Dada, wewe mwenyewe unaweza kuanza kesho kwa kuhakiki taarifa za mke na watoto za kila mfanyakazi. Hiyo haihitaji bajeti.

Utumishi_Arusha
Asanteni sana, wakubwa zangu. Napendekeza Aprili, masika, magari yamelala na wengi wako mjini. Wakili na shehe, siku ya elimu waje na wake zao na waume zao, faragha baadaye. Swali la mwisho: wapagazi wa msimu niwaingize? Hawako kwenye mishahara ya kila mwezi.

Wakili_Sakina
Waingize. Wao ndio wanaopanda na mizigo. Mtu akifia kazini, fidia ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, inalipwa kwa wategemezi wake, kwa hiyo hakikisha kila mmoja ana mkataba na majina ya familia yake yako sahihi kabla hajafika geti la mlima.