Watoto wa Barabara ya 12

JUMATANO

[19:04] Dada Zuhura: Asalaam aleykum nyote. Fundi wa jipsamu kapiga tena. Jumamosi asubuhi anaanza dari kwa Mama, anataka jibu la mwisho la mchoro na taa. Picha tatu ziko hapo juu. Kila mtu aseme 1, 2 au 3. Mchango mpaka sasa ni mimi, Mwanaidi na Hemedi tu.

[19:31] Dada Zuhura: Watu 11 mmesoma. Nawaona.

[19:40] Mwanaidi: 3. Ile ya ngazi ngazi yenye mkanda wa bluu

[19:44] Rashidi: Hiyo si ndiyo dari ya ile saluni ya stendi 😂

[19:45] Fahadi: Bibi aanze kusuka watu kabisa 😂😂

[19:46] Mama Shufaa: Samahani jamani, nani ana namba ya yule kijana wa mkaa?

[19:52] Dada Zuhura: JUMAMOSI. Leo Jumatano.

[20:51] Hemedi: Huku inakaribia saa nane usiku, nimeshindwa kulala bila kusema. Namba 3 hapana, dada. Chumba cha Mama kina kozi mbili tu za tofali juu ya lenta, dari yake iko chini. Ngazi tatu za jipsamu zikishuka pale, panga boi litakuwa kichwani.

[20:53] Hemedi: Halafu kuna jambo nimejifunza huku Guangzhou. Mwenye nyumba wangu hakugusa dari mpaka aangalie feng shui. Feng ni upepo, shui ni maji. Wanasema nyumba ina chi, nguvu inayozunguka vyumbani kama hewa, na kitu kizito kikikaa juu ya mtu aliyelala kinamkandamiza. Cha kwanza wanachokikwepa ni boriti juu ya kitanda. Na Mama analala chini ya boriti. Kila nikimpigia: kichwa, usingizi hamna.

[20:58] Bakari: Hemedi ndugu yangu, hiyo si ramli?

[21:03] Hemedi: Kaka Bakari, ramli wanayo, wapo wanaopima nyumba kwa dira yao, luopan. Hilo nimewaachia wenyewe. Mimi nasema ambalo hata fundi mwenye akili angelisema. Dari iwe nyepesi kwa rangi, sakafu ndiyo iwe nzito, kama mbingu na ardhi. Chumba cha kulala kisiwe na taa nzito wala feni juu ya kifua cha mtu. Mama ana mtoto wa jicho, akilala chali balbu inamchoma macho. Taa ifichwe pembeni, mwanga upande ukutani.

[21:05] Dada Zuhura: Nilishamwambia fundi taa tatu ndogo za spoti mstari mmoja juu ya kitanda

[21:06] Hemedi: Tatu mstari mmoja wengine huku hawazitaki, wanaona kama vile vijiti vitatu vya udi wanavyowachomea wafu wao.

[21:07] Dada Zuhura: Basi nne

[21:07] Hemedi: Nne nayo kwao hutamkwa karibu sawa na kufa

[21:08] Rashidi: Na sisi kwa Mama tuko wanne 😂

[21:08] Fahadi: 😂😂😂 Ami nimelia

[21:15] Hemedi: Naomba tusicheke. Kutoka hapa mpaka Guzhen si mbali, mji mzima kazi yao ni taa. Nitatuma za kelvini 3000, mwanga wa njano uliotulia. Si zile nyeupe za 6500 kama duka la dawa.

[21:19] Rashidi: Zitafika lini? Au itakuwa kama bati?

[21:24] Hemedi: Bati nilituma hela ya geji 28. Zikafungwa 30, nyembamba zaidi. Dukani nilikwenda mimi?

[21:26] Rashidi: *Ujumbe huu umefutwa*

[21:29] Mwanaidi: Kaka Rashidi umefuta lakini tumeshasoma

[21:41] Hemedi: Nyote mnajua viza yangu ilikuwa imekwisha. Ningetoka nisingerudi. Sikuacha kuja kumzika Baba kwa kupenda.

[21:42] Dada Zuhura: Tusiende huko. Nawaomba.

ALHAMISI

[06:12] Mjomba Salimu: Asubuhi njema familia 🌹

[08:37] Kibibi: Shikamooni. Bibi kaniambia nimsomee yote tangu juu. Nimemsomea. Kasema niandike hivihivi anavyosema:

[08:41] Kibibi: "Boriti hiyo baba yenu aliipandisha yeye na Athumani, mwaka aliozaliwa Zuhura. Nimelala chini yake na mwenzangu miaka 41 na usingizi ulikuwapo. Sasa haupo kwa kuwa ubavuni hamna mtu. Boriti haina kosa. Msiifunike. Hemedi mwanangu, sina kinyongo na wewe, na Rashidi asilirudie lile neno. Taa naitaka. Usiku nikienda msalani sikioni kizingiti. Anzeni na korido."

[13:20] Ami Athumani: Amesema.

[13:48] Dada Zuhura: Tumesikia Mama. Jumamosi fundi anaanza korido na sebule, dari bapa, rangi nyeupe. Chumba cha Mama kisubiri kwanza.

[14:02] Hemedi: Nimesikia. Taa ya korido msingoje kontena, nunueni hapohapo leo, natuma hela. Swichi mbili, moja mlangoni kwa Mama, moja msalani, asitembee gizani hata hatua moja. Ila naomba jambo moja, kitanda kisogezwe. Boriti ibaki ilipo, Mama asiwe chini yake. Hata huku ndivyo wanavyofanya wasipoweza kuifunika.

[14:10] Kibibi: Kitanda cha mninga hicho Ami, kinataka watu wanne

[14:33] Rashidi: Kesho baada ya swala ya Ijumaa nitapita na Fahadi na vijana wawili. Mama akikubali.

[14:35] Kibibi: Bado sijamuuliza. Kalala sasa hivi.

[14:36] Hemedi: Kalala? Mwache alale.

[15:02] Dada Zuhura: Na mchango? Wengine mko kimya tangu jana.

[17:45] Mjomba Salimu: Picha hazifunguki. Namba 1 ndiyo ipi?