Re: Jeli au akriliki? Naja Lamu harusini

Kutoka: Leicester

Asalaam aleikum jamaa wa Pwani popote mlipo,

Hili ni la kinamama, wanaume mnaweza kulipita. Nimehamia Leicester kutoka Houston, na kule Houston sikujua kitu kingine ila kucha za akriliki. Unaingia saluni bila miadi, unatoka na kucha ndefu, ngumu, za wiki tatu. Huku kila mlango ninaobisha naambiwa jeli, au ile jeli ya kujengea wanayoiita BIAB. Fundi mmoja kaniambia akriliki ameiacha kabisa, hataki hata kuinusa.

Mdogo wangu anaolewa Mkomani, Lamu, likizo hii na nataka nifike kucha zikiwa tayari. Niweke kipi kitakachostahimili joto na maji ya chumvi? Nikitaka kuitoa Lamu, nani atanitolea? Na kwa nini nchi hii washike hiki na nchi ile kile, au ni mimi niliyeangukia saluni za ajabu?

Kutoka: Houston

Wa aleikum salaam dada yangu. Saluni zako hazina ajabu. Akriliki ya Marekani ina watu wake. Mwaka 1975 mwigizaji Tippi Hedren alikuwa akiwasaidia wakimbizi wa kike wa Vietnam kwenye kambi moja karibu na Sacramento, California. Wakazipenda kucha zake, naye akamleta fundi wake awafundishe. Wa mwanzo walikuwa 20. Wakafundisha dada zao, dada zao wakafundisha mabinamu, hadi leo sehemu kubwa ya saluni za kucha za Marekani ziko mikononi mwa Wavietnam. Bei ikashuka, na kilichoenea mkono kwa mkono kilikuwa unga na maji yake maalumu, ndiyo akriliki yenyewe. Ndiyo maana Houston, penye Wavietnam wengi, ukisema tu "kucha" unawekewa akriliki.

Kwa wale wadogo zetu wanaoniandikia pembeni wakitaka kuja kufanya kazi hii: Texas wanataka masaa 600 ya mafunzo ndipo upate leseni ya kucha, California 400. Kila jimbo na lake, ulizeni kabla ya kukata tiketi.

Kutoka: Milano (wa Malindi, fundi wa kucha)

Salaam nyote. Hapa ndipo kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Zote mbili ni ukoo mmoja wa kemikali, akrileti na methakrileti. Tofauti ni kinachozikausha. Akriliki unachovya brashi kwenye yale maji yake ya dawa, unaigusisha kwenye unga, inatoka tone kama ulezi uliolowa, unaiweka ukuchani na kuisukuma kabla haijakaza. Maji na unga vikikutana vinakaza vyenyewe, taa haihitajiki. Jeli inabaki laini hata kutwa nzima mpaka uiweke chini ya taa ya UV au LED, kisha inakaza kwa nusu dakika au dakika mbili hivi, kulingana na taa na jeli yenyewe.

Sasa peleka hayo Malindi. Saa nane mchana, feni inazunguka hewa moto, tone la akriliki linakushikia brashini kabla hujafika ncha ya ukucha. Fundi asiyejua kupunguza tone lake anaacha mabonde, halafu anayamaliza kwa tupa, na tupa inakula ukucha wako wa asili. Ulaya wakati wa baridi ni kinyume, tone linatiririka hadi kwenye ngozi. Jeli joto haiisumbui sana, lakini inaogopa jua: acha kikopo wazi karibu na dirisha, ukirudi kimeganda juu. Na umeme ukikatika mteja akiwa na mkono mmoja uliokauka na mwingine mbichi, mtakaa mnatazamana. Kwa hiyo ukisikia fundi wa huku kwetu anashikilia akriliki, usimcheke kuwa amepitwa na wakati. Pengine hana taa ya betri.

Malindi yenyewe Waitaliano wameifundisha jeli. Hapa Italia mwanamke akisema anajenga kucha, mara nyingi anamaanisha jeli, na wageni waliokuja Casuarina miaka yote walitaka waliyoyazoea kwao. Wasichana waliojifunza kwa kuwahudumia wanapiga jeli nyembamba na safi. Ukipanda Nairobi utakuta kucha ndefu zaidi, za kunakshiwa, akriliki na gamu jeli, yaani kucha za plastiki za kubandika pamoja na jeli. Japani ni jeli tupu na michoro midogo ya kukesha nayo. Kwa Warusi na Waukraine ni jeli ya rangi, baada ya mashine kusafisha ngozi ya mzizi wa ukucha hadi inang'aa. Mimi naona kinachoamua ni nani alikuja mjini na ujuzi gani, na umeme na bei vikamruhusu. Ubora unakuja baadaye sana.

Huyo fundi wa Leicester anayeogopa kunusa ana haki yake. Maji ya akriliki yananuka, na chumba kidogo kisicho na dirisha kinamuumiza yeye kuliko mteja. Lakini asijidanganye kuwa jeli haina lake. Madaktari wa ngozi wa Uingereza walitoa onyo mwaka 2018 kuhusu aleji ya methakrileti inayotokana na kucha hizi, hasa kwa wanaojifanyia nyumbani na jeli ikigusa ngozi kabla haijakauka. Ikishakupata haiondoki, na inaweza kukukuta kwa daktari wa meno, kwa sababu vifaa vya kuzibia meno ni vya ukoo huohuo. Na tangu tarehe 1 Septemba 2025 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku TPO kwenye vipodozi. Hiyo ni dawa iliyokuwa ndani ya jeli nyingi ili ishike haraka chini ya taa, na ilionekana kwenye majaribio ya wanyama kudhuru uzazi. Sisi tuliokuwa na vikopo vya zamani tulivitupa. Naogopa vingine vitaishia kuuzwa rahisi kwetu Afrika, basi ukinunua soma kibandiko.

Kwa akriliki, cha kukimbia ni MMA, aina moja ya yale maji yake. Ni ya bei rahisi, na Marekani walianza kuipiga vita miaka ya 1970. Utaijua: harufu kali kupita kiasi, ngumu ajabu, na ukiiloweka kwenye asetoni ya kutolea kucha nusu saa bado inakutazama. Ukijigonga haivunjiki yenyewe, inang'oa ukucha wako.

Kutoka: Langoni, Lamu (shangazi yenu, mjukuu anaandika)

Wanangu, nimesomewa yote. Ukiya Amu na hayo maplastiki, swala utaiswali vipi? Mai ya udhu hayapiti. Zamani msichana akipaka kyuteksi tulijua yuko siku zake, na akizimaliza anaifuta. Hiyo yenu ya wiki tatu mtaifuta na nini? Hina haina kisa. Inaingia kwenye ukucha, haiuzibi. Na siku ya hina ya bibi harusi wote mtapakwa, wewe dada mtu ndio wa kwanza kutazamwa. Utakaa na kucha za plastiki hina ishike wapi?

Kutoka: Muscat

Shangazi amemaliza. Huku Oman wengi wetu tunabandika kucha za bandia kwa vibandiko vya gundi, tunazivaa usiku wa sherehe, asubuhi zinarudi kwenye kisanduku chake. Kuna rangi zinazouzwa kwa jina la kupitisha maji. Wengine wanaziamini, mimi kwa swala yangu siziwekei dhamana.

Kutoka: Milano

Shangazi, nimekusikia, na kwa hina sina ubishi. Hina inashika kwenye ukucha wenyewe, juu ya jeli haishiki vizuri.

Dada wa Leicester, ningekuwa mimi ningepaka hina kwanza kucha zikiwa tupu, niiache ikolee usiku mzima, kisha usiku wa harusi nibandike zile za vibandiko. Ukiona lazima utoke huko na kitu, basi jeli fupi na nyembamba, akriliki ndefu hapana. Bahari ya Shela kutwa nzima inalowesha ukucha, jeli inainuka pembeni, maji yanabaki chini yake, na ndipo unapoona ule ukijani wa bakteria. Ikiinuka itoe, usigandishe kwa gundi. Na dawa ya mbu yenye DEET inalainisha plastiki, ukijipaka futa ncha za vidole.

Kutoa: ukipita Malindi kabla ya Lamu, utapata wa kukutolea Casuarina bila shida. Lamu uliza mapema, usingoje usiku wa kuamkia ndege. Au beba tupa, pamba na karatasi ya foili, ujitolee mwenyewe: sugua juu mpaka mng'ao uishe, pamba yenye asetoni, funga kwa foili dakika 15, usibandue kwa nguvu. Ufanyie barazani penye hewa, mbali na jiko, asetoni inashika moto upesi. Kwenye mkoba wa mkononi chupa ya asetoni isizidi mililita 100. Na kama unamletea mdogo wako taa ya betri, hiyo ipande nawe ndani ya ndege, usiitie kwenye sanduku.