Mrejesho: biti za kabaidi za kutobolea bodi za saketi nimezipata

Wakuu, niliuliza mtu wa Mwanza atapata wapi biti za kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) za bei nafuu za kutobolea bodi za saketi za faibaglasi. Shukrani kwenu, hasa mkuu aliyesema niachane na mpya, nitafute zilizonolewa upya.

Madukani hapa mjini hadi Nyakato nilikuta za haispidi tu (chuma cha kawaida cha biti), za kutobolea chuma na mbao. Zinatoboa, ila nyuzi za kioo ndani ya faibaglasi zinakula makali upesi, kisha tundu linachanika pembeni na shaba ya juu ya bodi inanyanyuka.

Hizi zilizonolewa zinatoka viwanda vya bodi: zikipungua makali zinatolewa mashineni, zinanolewa, zinauzwa kwa bei ya chini. Niliagiza China pakiti ya mchanganyiko. Natumia zaidi 0.8 mm kwa miguu ya rezista na 1.0 mm kwa pini za konekta. Raha yake, shina ni 3.175 mm kwa saizi zote, kwa hiyo hata biti nyembamba kama sindano inakamatwa na chaki (mdomo wa drili unaoshika biti) ya kawaida.

Ila drili ya mkononi sahauni. Kabaidi ni ngumu lakini haipindi; mkono ukiyumba kidogo tu, pwaa, imekatika! Funga drili kwenye stendi, chaki isicheze, spidi iwe kubwa, chini weka ubao. Na barakoa, vumbi lile ni kioo.

Aliyeko Mwanza akitaka 0.8 aseme, nina za ziada. Za 0.6 sigawi.