Friza za samaki Mtwara: nifunge sola, ninunue jenereta, au nisubiri Gridi ya Taifa?

Mama Ngisi (Mtwara mjini)

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Mimi nanunua pweza na ngisi kwa wavuvi wa Msangamkuu na Msimbati, nagandisha, mzigo unapanda basi kwenda Dar. Friza zangu ni za kulala, kubwa. Umeme ukikatika mchana wa jua kali na friza imejaa mzigo ambao haujaganda vizuri, hiyo hela yote iko roho mkononi.

Nikilalamika, ndugu wa Dar wananicheka: "Si unakaa juu ya gesi wewe?" Ndiyo, nakaa. Gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa 1982. Mwaka 2013 watu hapa waliandamana, wengine wakapoteza maisha, kwa neno moja tu: haitoki. Ikatoka, bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, linaanzia Madimba hapo. Sifufui kesi hiyo, naomba na nyie msiifufue.

Swali la hela: shemeji anasema funga sola. Mume wangu anataka jenereta kubwa (anapenda vitu vinavyonguruma). Jirani anasema nisitumbukize hela, njia ya umeme inakuja kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi, tukiingia gridi mambo yamekwisha.

Swali la pili ni la nchi. Kusini tunaishi kwa mitambo ya gesi. Gridi sasa imebebwa na Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Tukiunganishwa tutakuwa tumepona, au tutakuwa tumeacha kutegemea gesi na kuanza kutegemea mvua?

Fundi Mstaafu (Masasi)

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi za umeme mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitaongea kifundi kidogo.

Tatizo lenu halikuwa gesi kuisha. Tatizo ni udogo wa gridi. Umeme mkubwa hauwekwi ghalani, unaotumika saa hii lazima uzalishwe saa hii. Ukiwa na mashine chache, moja ikajizima, zilizobaki zinabebeshwa mzigo wote ghafla, mzunguko wa umeme unashuka chini ya hezi 50 zinazotakiwa, na ili zisizimike zote inabidi mitaa mingine ikatwe. Kwenye gridi kubwa mashine ya ukubwa ule ule ikizimika wala hujui. Hiyo ndiyo faida ya kuunganishwa, na ni kubwa.

Kuhusu mvua umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi. Mitambo ya maji ya Mtera, megawati 80, na Kidatu, 204, maji yao ni ya Ruaha Mkuu. Kihansi 180, hiyo ni upande wa Kilombero. Ruaha na Kilombero zote zinaingia Rufiji, na bwawa la Nyerere liko Rufiji. Hesabu mwenyewe: karibu megawati 2,600 zinategemea bonde moja. Mwishoni mwa 2023, kabla mashine ya kwanza ya Nyerere haijawashwa Februari 2024, upungufu ulifika megawati 400 hivi na nchi ikaingia mgao, maji yakiwa sababu mojawapo.

Ila tusilionee bwawa. Lile ni kubwa kweli, ujazo wake unazidi mita za ujazo bilioni 30, kwa hiyo mwaka mmoja wa ukame haulikaushi kama Mtera. Miwili mitatu mfululizo ndiyo mtihani.

Mtoto wa Likong'o (Lindi)

Dada vumilia kidogo. Mradi wa kuchakata gesi asilia kuwa kimiminika ukianza hapa kwetu Likong'o hutasikia habari ya sola tena. Gesi iliyogunduliwa nchini ni zaidi ya futi za ujazo trilioni 57! Tuache maneno ya wazungu ya nishati safi, wao walichoma makaa ya mawe miaka mia mbili. Gesi ikichomwa kwenye mtambo hutoa hewa ukaa karibu nusu tu ya makaa kwa uniti ile ile.

Mama Ngisi

Mdogo wangu, huo mradi naombea uanze, na ukianza nitawauzia wafanyakazi pweza. Lakini gesi nyingi kati ya hiyo trilioni 57 iko bahari ya kina kirefu, na kiwanda kinakusudiwa hasa kuuza nje. Friza yangu haijui trilioni. Mitambo ya hapa inakula gesi ya Mnazi Bay, ambayo ipo tayari, na bado unakatika. Fundi kashasema kwa nini.

Dereva wa Ngaka

Na makaa mnayasahau. Mimi nabeba kutoka mgodi wa Ngaka, Ruvuma, kushusha bandari ya Mtwara, foleni ya malori mnaiona wenyewe. Tunauzia nje ili wao wawashe mitambo yao. Kwa nini tusiyachome wenyewe? Makaa hayangoji mvua wala jua.

Mama Ngisi

Kaka, kazi yako naiheshimu. Ila sisi wa mjini vumbi la makaa tunalijua, na wenye korosho bandarini hapo wanalijua zaidi, ndiyo maana inajengwa bandari ya Kisiwa-Mgao kwa mizigo michafu. Ukijenga mtambo wa makaa, hilo vumbi na majivu vinabaki kwetu miaka yote. Gesi tunayo, haina majivu. Sioni sababu.

Mzee Fundi, nimekuelewa, lakini kuna kitu kinanisumbua. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ya Dar ilikatika huko Kilwa, mzigo hautoki, hauingii. Barabara ni moja. Sasa njia moja ya waya inayopita mapori kutoka Songea, ikianguka nguzo huko Tunduru? Hofu yangu ni kwamba siku waya ukifika, mtu atasema mitambo ya gesi ya Mtwara haina kazi, ihamishwe. Mimi nautaka waya, na mitambo ibaki, iwe inawashwa.

Fundi Mstaafu

Umegonga penyewe. Usiku wa kuamkia 1 Aprili 2024 Gridi ya Taifa ilizimika yote, sisi huku haikutuhusu kwa sababu hatukuwamo. Ukiingia gridi unaingia na matatizo yake. Mtambo wa gesi ulio karibu unaweza kujitenga na gridi ukabeba mji, bora uwe umetunzwa. Mtambo uliokaa bila kuwashwa miezi hauwaki siku ya shida.

Binti Sola (Nachingwea)

Narudi kwenye hela, maana dada ndicho alichouliza kwanza.

Jenereta ndogo ya petroli hutoa kama uniti 2 kwa lita. Petroli ikiwa shilingi 3,000, uniti moja ni 1,500 kabla ya oili na fundi. Umeme wa LUKU wa matumizi ya kawaida ni kama 356 ukijumlisha kodi na tozo. Kwa hiyo jenereta ni ya dharura tu, mwambie mumeo anunue ndogo.

Sola: kinachokula hela ni betri. Kwa hiyo usihifadhi umeme, hifadhi baridi. Kilo moja ya maji ya bomba kuwa barafu lazima itolewe joto la uniti 0.13 hivi. Friza huondoa joto zaidi ya umeme inaokula, kwa hiyo kwa friza ya kawaida kilo 50 ni uniti 4 na kidogo za umeme. Paneli nne za wati 300 kwa siku ya jua la kawaida zinafikia hapo, ukishatoa hasara ya joto na vumbi. Hapo hujagandisha pweza hata mmoja, lakini umeme ukikatika barafu hiyo inakulindia mzigo masaa mengi.

Angalia mawili. Barafu ya maji matupu inayeyuka kwenye sifuri, pweza wako anataka chini zaidi. Tia chumvi gramu 150 kwa gramu 850 za maji, jaza madumu yasijae juu. Yataanza kuganda karibu nyuzi 11 chini ya sifuri, na yakiyeyuka yatashikilia huko huko. La pili, kompresa ya friza ikiwaka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, usinunue inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa sola uendeshe friza) inayolingana na wati hizo sawasawa.

Mama Ngisi

Chumvi ya Lindi ipo, madumu yapo. Nitaanza na friza moja kwa sola, nyingine zibaki LUKU. Binti, hilo dumu lisijae kiasi gani? Yasije yakanipasukia ndani.

Binti Sola

Acha sehemu moja ya kumi tupu. Na yapange ubavuni, pweza awe katikati.