Sauti za waimbaji zinafifia katika spika za gari langu

Muulizaji, Moshi
Ndugu zangu, naomba ushauri. Katika Toyota Noah yangu nimefunga spika za inchi sita na nusu kwenye milango ya mbele, twita ndogo (spika za sauti nyembamba za juu) juu ya dashibodi, na sabufa nyuma yenye amplifaya yake. Besi inatosha na matoazi yanasikika, lakini mwimbaji anasikika kama mtu aliye chumba cha pili. Mimi ni msikilizaji wa kwaya na wa muziki wa dansi wa zamani, ambao utamu wake wote uko kwenye sauti za watu na magitaa. Nikiwa njiani kwenda Arusha, kila nikiongeza sauti ili niyapate maneno, twita huanza kuniumiza masikio kabla maneno hayajafika. Kuna fundi aliyenishauri ninunue spika zenye wati nyingi zaidi. Je, hilo ndilo suluhisho?

Fundi wa redio za magari, Arusha
Ndugu, pesa yako iache mfukoni kwanza. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni kiasi ambacho spika inasemekana kustahimili, si ukubwa wa sauti utakayoipata, na hata ukiongeza nguvu halisi ya amplifaya mara mbili unapata desibeli 3 tu, ongezeko dogo la sauti. Maneno hubebwa na sauti za kati, ambazo kwa makadirio huanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 4,000. Simu za mezani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu na watu wakaelewana bila taabu. Kwa hiyo anayepandisha besi na treble (sauti za juu) kwenye ikwalaiza huwa amewazamisha waimbaji kwa mkono wake. Rudisha vyote sifuri, kisha ingia kwenye menyu ya redio palipoandikwa HPF, yaani kichujio kinachozuia sauti za chini, uweke hezi 80, ili spika za milango ziiachie sabufa besi nzito, kwa kuwa koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, ikitikiswa kwa nguvu na besi haiwezi wakati huohuo kutoa sauti safi ya mtu.

Kisha kagua nyaya. Chomoa spika ya mlango kutoka kwenye redio, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya zake mara moja na kuiondoa: koni ikisogea nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Mlango mmoja ukiwa umeungwa kinyume na mwenzake, koni moja inasukuma hewa huku nyingine inavuta, na mwimbaji, ambaye kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote mbili, hupoteza uzito wake na hata mahali pa kusimama. Twita usizipime kwa betri.

Mchangiaji, Moshi
Naunga mkono, ila mlango wenyewe usisahaulike. Wengi hubadilisha spika mara kwa mara bila kuugusa mlango, na inasikitisha, kwa sababu bati la ndani lina matundu makubwa yanayoruhusu sauti ya nyuma ya koni kuzunguka na kuifuta ile ya mbele, hasa chini ya hezi 300, ambako ndiko kwenye kifua cha sauti ya mwanamume. Ziba matundu hayo, funga spika kwenye pete ya plaiwudi iliyopakwa rangi isiyopitisha maji, na uizungushie sponji ili sauti isipotelee kati ya bati na kava la plastiki. Matundu madogo ya chini ya mlango yaache wazi; maji ya mvua yanayopita kwenye kioo hutokea hapo.

Muulizaji, Moshi
Ahsanteni sana. Mlango wa kushoto kweli ulikuwa umeungwa kinyume, na baada ya kuurekebisha na kuweka hezi 80, sauti ya nne ya kwaya sasa naifuata vizuri. Sauti za kike bado ziko mbali kidogo. Kapasita ya twita, kile kifaa kidogo kwenye waya wake kinachozuia sauti za chini, imeandikwa 3.3.

Fundi wa redio za magari, Arusha
Hapo ndipo penye pengo. Kapasita ya maikrofaradi 3.3 kwenye twita ya omu 4 huifanya ianze kufanya kazi kikamilifu karibu na hezi 12,000, ilhali koni ya inchi sita na nusu, ikishapita takriban hezi 2,000, huanza kuelekeza sauti mbele yake tu, yaani kwenye miguu yako. Ukiweka ya 10 utashuka hadi karibu hezi 4,000, lakini twita ndogo kama hizo zinaweza kuungua. Sasa ndipo ununue: seti ya spika na twita zilizotengenezwa pamoja, zenye kisanduku chao cha kugawa sauti. Twita zifunge kwenye nguzo za kioo cha mbele, zikielekea vichwa vya wasikilizaji. Redio yako ikiwa na sehemu ya kuchelewesha sauti, chelewesha mlango wa kulia, ulio karibu na dereva, kwa milisekunde 1 kwa kila sentimita 34 ambazo mlango huo uko karibu nawe kuliko wa kushoto.